Operesheni 13 za Michael Dillon

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mwanafunzi mmoja wa udaktari katika Trinity College, Dublin, alirudi chuoni akichechemea. Wenzake walipomuuliza aliwajibu kwamba ni majeraha ya vita, na mazungumzo yakaishia hapo. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu. Vijana wenye makovu na magongo walijaa kila mji, na haikuwa adabu kumchimba mtu kuhusu kidonda chake. Kidonda kilikuwa cha kweli na usaha wake wa kweli, ila hakukipata vitani. Alikipata Basingstoke, kusini mwa Uingereza, katika hospitali iliyoitwa Rooksdown House, ambako alikuwa akilazwa, akipewa nusukaputi na kujengewa uume, hatua kwa hatua.

Huyo ndiye Michael Dillon. Alizaliwa London tarehe 1 Mei 1915, akaandikwa msichana. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa, na yeye na kaka yake wakalelewa na mashangazi katika mji wa Folkestone, ufukweni mwa Kent. Anatajwa kuwa mwanamume transijenda wa kwanza kufanyiwa upasuaji wa kujenga uume. Kwa asiyelizoea neno hilo, mwanamume transijenda ni mtu ambaye wakunga walimwandika msichana kwa kutazama maumbile, naye akakua akijijua kuwa mwanamume.

Kiswahili kinanirahisishia kazi hapa. Ninaweza kuandika kurasa nzima juu ya Dillon nikisema "alikwenda, akarudi, akalazwa" bila kulazimika kuamua jinsia yake katika kila kitenzi. Waandishi wa Kiingereza waliomwandika mwaka 1958 hawakuwa na nafasi hiyo, na wengi walichagua jinsia iliyomuumiza. Ila Kiswahili nacho kina mahali pake pa kumbana mtu: ikifika ndoa, lazima useme kuoa au kuolewa. Dillon alitaka kuoa. Tutafika huko.

Nataka kukitazama kisa hiki kama kinavyotazamwa kikaoni hospitalini: mgonjwa alikuwa na shida gani, kilikatwa nini na kwa mpangilio upi, kipi kilifaulu, kipi hakikufaulu, na angeingia kliniki leo angeelezwa nini. Nimekichagua kwa sababu watu wengi husema "operesheni ya kubadili jinsia" kana kwamba ni moja, unaingia asubuhi na kutoka jioni umemaliza. Dillon alifanyiwa ya kifua mwaka 1942, kisha kati ya 1946 na 1949 akafanyiwa nyingine zisizopungua 13. Na hata leo, pamoja na hadubini za upasuaji na nyuzi nyembamba kuliko unywele, jambo hili bado ni mfululizo wa maamuzi, na kila uamuzi una gharama yake mwilini.

Tuanze na homoni, maana bila hizo hakuna cha kuchambua. Dillon alisoma Oxford, akawa rais wa klabu ya wanawake wapiga makasia, akahitimu mwaka 1938. Mwaka 1939 alimwendea daktari mmoja wa Bristol, George Foss, ambaye alikuwa akifanyia majaribio testosteroni, homoni ya kiume, kama tiba ya wanawake wanaotokwa na damu nyingi ya hedhi. Dawa yenyewe ilikuwa changa, kwani testosteroni ilianza kutengenezwa maabara mwaka 1935 tu. Foss alitaka kwanza Dillon aonane na daktari wa akili. Akaonana naye, na daktari huyo akaropoka siri ya mgonjwa wake, hadi ikamfikia Dillon kazini. Akaacha kazi na kuhamia Bristol akiwa na vidonge vyake.

Huko akapata kazi kwenye gereji, kwanza akijaza magari petroli, baadaye akiendesha gari la kuvuta yaliyoharibika, na usiku akilinda jengo dhidi ya moto wa mabomu ya Wajerumani. Wenzake walimdhihaki. Vidonge, hata hivyo, vilikuwa vinafanya kazi: sauti ikazama, ndevu zikaota, mwili ukajaza misuli. Ikafika mahali mteja mgeni akiingia gerejini anaona mwanamume na kumwita bwana.

Testosteroni hufanya mengi lakini haiondoi matiti. Huo ndio ukweli wa kwanza wa kitabibu katika kisa hiki, na ndio unaoeleza kwa nini kifua ndicho kilichotangulia. Sauti na ndevu zikishabadilika, matiti yanabaki kuwa kitu pekee ambacho barabara nzima inaweza kukiona. Mtu huyafunga kwa vitambaa vya kubana mpaka anashindwa kupumua vizuri. Dillon alikuwa pia na tatizo la sukari kushuka, akianguka na kuzimia. Siku moja akaumia kichwa na kulazwa Bristol, na hapo akakutana na daktari wa upasuaji rekebishi aliyekubali kumwondoa matiti. Ilikuwa 1942. Daktari huyo alimfanyia mema mengine mawili: alimshauri atafute kubadilishiwa cheti cha kuzaliwa, na akamwelekeza kwa Harold Gillies.

Kabla ya kwenda kwa Gillies, tukae kidogo kwenye kifua, kwa sababu hapo ndipo wanaume wengi transijenda wa leo huanzia, na wengi huishia hapo hapo kwa hiari yao. Uchaguzi hutegemea zaidi ukubwa wa matiti na ulegevu wa ngozi. Mwenye matiti madogo na ngozi inayovutika vizuri anaweza kukatwa kuzunguka duara la chuchu tu, nyama ikatolewa kupitia hapo, na kovu likajificha kwenye mpaka wa rangi. Mwenye matiti makubwa hukatwa mistari miwili mirefu chini ya kifua. Nyama na ngozi iliyozidi hutolewa, chuchu hutolewa kabisa, hupunguzwa ukubwa, na kushonwa upya mahali zinapokaa kwa wanaume. Kifua hutoka bapa na kizuri, lakini makovu ni mawili na ya wazi, na chuchu iliyong'olewa na kupandikizwa hupoteza sehemu kubwa ya hisia zake. Mara chache hushindwa kushika na kufa.

Kuna watu wenye matiti makubwa wanaosisitiza njia ya kovu dogo, halafu wanaishia na ngozi iliyokunjamana inayohitaji kurekebishwa mara ya pili. Kwa maoni yangu, daktari mwema ni yule anayemwambia mtu wa namna hiyo "hapana" mapema na kumwonyesha picha za matokeo ya njia zote mbili. Operesheni hii haimdai mtu awe ametumia testosteroni kwanza. Baada yake kuna mipira ya kutolea maji ubavuni kwa siku kadhaa, fulana ya kubana kwa wiki kadhaa, na amri ya kutonyanyua mikono wala mizigo. Kwa mtu anayeishi kwa kubeba magunia au kuendesha bodaboda, amri hiyo ni fedha, na inabidi ihesabiwe pamoja na gharama ya hospitali.

Sasa Gillies. Alizaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1882, na alipokuwa Cambridge alipiga makasia katika mashindano ya 1904 dhidi ya Oxford, kwa hiyo daktari na mgonjwa wote wawili waliwahi kuwa watu wa makasia. Jina lake lilitokana na nyuso za askari wa Vita vya Kwanza. Mwaka 1917 aliletewa baharia aitwaye Willie Vicarage, aliyeungua uso katika mapigano ya Jutland ya mwaka uliotangulia. Gillies alikata vipande virefu vya ngozi kifuani ili avipeleke usoni, akaona kingo zake zinajikunja zenyewe kwa ndani. Akaacha kushindana nazo. Alizishona kingo mbili pamoja, na ngozi ikawa bomba.

Ni rahisi kulipita jambo hili bila kuona uzito wake. Hapakuwa na dawa za kuua vijidudu kama tulizo nazo sasa, na kipande cha ngozi kilichoachwa wazi upande wa chini kilioza kwa urahisi. Ngozi iliyofungwa kuwa bomba haina upande ulio wazi. Na kwa kuwa bomba bado limeshikamana na mwili kwenye ncha zake, damu inaendelea kupita ndani. Anayelima migomba ataelewa haraka. Chipukizi hukaa limeshikamana na shina la mama likinyonya kutoka kwake, hulitenganishi mpaka uone lina mizizi yake. Bomba la Gillies liliachwa likining'inia kwa wiki kadhaa, ncha moja ikahamishiwa karibu na pale panapotakiwa, ikaachwa hadi mishipa ya damu ya mahali papya iingie, ndipo ncha ya zamani ikakatwa. Daktari asiye na subira hulipoteza bomba zima kwa siku moja, likageuka jeusi mbele ya macho yake.

Hapo ndipo idadi ya 13 inapoeleweka. Uume wa Dillon haukuweza kujengwa kwa kikao kimoja kwa sababu hakuna aliyekuwa na njia ya kuunganisha mishipa midogo ya damu. Kila hatua ilibidi isubiri mwili uipokee ile iliyotangulia.

Kulikuwa na tatizo la pili, gumu kuliko la kwanza, nalo ni mkojo. Kujenga umbo la nje ni jambo moja, na kupitisha mkojo ndani yake ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1936 daktari Mrusi, Nikolaj Bogoraz, alikuwa ameandika jinsi ya kujenga uume kwa bomba la ngozi na kuutia gegedu la ubavu ili uwe mgumu. Gillies aliongeza bomba ndani ya bomba. Sehemu ya ngozi ya tumbo ilikunjwa uso wake ukitazama ndani, ikawa njia ya mkojo, na sehemu nyingine ikazungushiwa juu yake kama ganda. Kwa Dillon hili lilikuwa kiini cha ombi lake. Alikuwa mwanafunzi wa kiume katika chuo, mpiga makasia katika timu ya wanaume ya Trinity, mtu wa vyumba vya kubadilishia nguo na vyoo vya pamoja. Alihitaji kusimama kama wengine na kutotazamwa.

Hata kuanza kulichukua miaka. Gillies alikuwa amekubali tangu wakati wa vita, lakini majeruhi walikuwa wakimiminika na akamwambia asubiri. Alipoanza kumtibu, aliandika kwenye jalada kwamba mgonjwa ana haiposipadia kali, yaani ile hali ambapo mtoto wa kiume huzaliwa tundu la mkojo likiwa si pale kwenye ncha bali chini ya uume au nyuma zaidi. Haukuwa ukweli. Ulikuwa uongo wa kumlinda mtu, na uliwezekana kwa sababu Gillies kweli alikuwa akiwatengeneza wagonjwa wa haiposipadia pamoja na askari waliokatwa sehemu zao vitani. Ujuzi uliotumika kwa Dillon ulikuwa ule ule uliotumika kwa hao. Ninaposikia watu wakisema upasuaji huu ni uzushi wa jana, hukumbuka hilo: uume wa kwanza wa namna hii ulijengwa kwa mikono iliyozoea kurudisha midomo na pua za mabaharia.

Matokeo? Kwa mizani ya leo, ya wastani. Bomba la ngozi la zama hizo halikuunganishiwa mishipa ya fahamu, halikuwa na njia ya kusimama lenyewe, na usaha ulimtesa mgonjwa kiasi cha kumfanya achecheme kwa muda. Kwa mizani ya Dillon mwenyewe, alipata alichokifuata. Alihitimu udaktari mwaka 1951, akaajiriwa kwenye meli za biashara kama daktari wa meli, akafuga ndevu, akavuta kiko, na kwa miaka akaishi kati ya mabaharia, mahali pasipo na faragha, bila yeyote kumshuku. Operesheni ilitimiza kile alichoiomba, na sijui kipimo kingine kinachoweza kutangulia hicho.

Sasa tumtoe Dillon 1946, tumkalishe mbele ya daktari wa leo. Jambo la kwanza, angeambiwa aache kile kiko. Nikotini hubana mishipa ya damu, na mshipa uliobanwa ndio unaoua kiungo kilichohamishwa. Madaktari wengi hawamgusi mvutaji mpaka aache kwa wiki kadhaa. Tatizo lake la sukari lingechunguzwa kabla ya kufikiria nusukaputi. Kisha angeulizwa maswali yanayoonekana ya faragha kupita kiasi, lakini kila jibu hubadilisha kisu kinavyopita: Je, ni lazima ukojoe umesimama? Je, unataka kumwingilia mwenza? Hisia zako zina uzito gani ukilinganisha na ukubwa? Unaweza kuishi na kovu linaloonekana kila ukikunja shati? Je, unataka kuzaa siku moja?

Swali la mwisho linahusu mfuko wa uzazi na ovari. Hivi vinaweza kutolewa kwa kamera kupitia matundu madogo tumboni, na wengine huvitoa kwa sababu hedhi na uchunguzi wa kizazi huwatesa rohoni. Wengine hawavitoi kamwe. Ovari zikishatoka, hakuna kurudi nyuma, na mwili utategemea homoni za kutoka nje maisha yote ili mifupa isidhoofike. Mwenye ndoto ya mtoto wa damu yake anapaswa kuambiwa mapema kuhusu kuhifadhi mayai.

Kwa sehemu za siri zenyewe, kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza haikuwepo enzi za Dillon, na inatumia kile ambacho testosteroni tayari imekifanya. Homoni hiyo hukuza kisimi, na kisimi na uume ni kiungo kimoja tumboni mwa mama kabla mimba haijagawanya njia. Katika operesheni iitwayo metoidioplasti, daktari hukata kano zinazokivuta kisimi chini, kikanyooka na kujitokeza kama uume mdogo wa sentimita chache. Akitaka mgonjwa, mrija wa mkojo hurefushwa kwa kutumia utando laini wa ndani ya shavu au wa ukeni, na mfuko wa korodani hutengenezwa kwa ngozi ya pembeni na kuwekewa vipandikizi. Uzuri wa njia hii ni kwamba mishipa yote ya fahamu inabaki pale ilipozaliwa. Hisia zipo, na kiungo kinasimama chenyewe. Udhaifu wake ni urefu. Kwa wengi hautoshi kumwingilia mwenza, na kwa wengine hautoshi hata kukojoa vizuri bila kushusha suruali.

Ya pili ni mjukuu wa bomba la Gillies, yaani faloplasti. Mwaka 1984 madaktari wa China, Chang na Hwang, walieleza jinsi ya kutumia ngozi ya kigasha, ile sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Wanaikata pamoja na mshipa wake wa damu na mishipa yake ya fahamu, wanaikunja bomba ndani ya bomba kama alivyofanya Gillies, kisha wanaihamisha kwa siku hiyo hiyo na kuunganisha mishipa kwenye kinena chini ya hadubini. Chipukizi linang'olewa na kupandwa kwa mara moja kwa sababu sasa mtaalamu anaweza kuishona mizizi kwa mkono. Mshipa wa fahamu ukiungana vizuri, hisia hukua taratibu kwa miezi mingi. Ngozi ya kigasha ni nyembamba na laini, hujikunja vizuri. Bei yake ni mkono: kovu pana lenye kiraka cha ngozi iliyotolewa pajani, ambalo kila anayelijua atalitambua. Wasiotaka hilo huchukua ngozi ya paja, ambayo hufichika ndani ya suruali lakini kwa watu wanene huwa nene mno. Nywele za mahali hapo lazima zing'olewe mizizi mapema, hasa ngozi itakayokuwa njia ya mkojo, maana nywele zikiota ndani ya mrija huzaa mawe na maambukizi.

Hata njia hii haimalizwi kwa siku moja. Kifaa cha kusimamisha uume huwekwa baadaye, hisia zikishafika, na vifaa hivyo huingia vijidudu au huharibika na kudai kubadilishwa baada ya miaka. Ila tatizo linalowasumbua wagonjwa wengi zaidi ni lile lile la zamani: mkojo. Pale mrija mpya unapoungana na ule wa asili, hutokea tundu linalovujisha mkojo nje, au kovu linaloziba njia. Watanzania wanalijua neno fistula kwa sababu ya akina mama waliopata majeraha ya uzazi, na hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam imelifanya lizungumzwe redioni bila aibu. Fistula ya mrija wa mkojo baada ya faloplasti ni ya mahali pengine, lakini fedheha ya nguo kulowa ni ile ile, na matibabu yake ni yale yale ya subira: mpira wa mkojo, kusubiri, na wakati mwingine kurudi tena chumba cha upasuaji. Fistula na kuziba kwa mrija hutokea mara nyingi kiasi kwamba daktari asiyeyataja kabla ya kupata sahihi ya mgonjwa amemdanganya.

Kwa hiyo wapo wanaume wanaochagua faloplasti bila kurefusha mrija. Wanapata umbo na hisia, wanaendelea kukojoa wamekaa, na wanajiepusha na shida hiyo yote. Dillon, nadhani, asingelichagua hilo. Lakini Dillon wa leo angekuwa na milango ya vyoo inayofungwa, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2004 inayompa mtu cheti kipya bila kumdai operesheni yoyote. Mazingira yakibadilika, hata jibu sahihi la upasuaji hubadilika. Hili ndilo ninaloliona kila ninapokisoma kisa hiki, na ndiyo maana sipendi kusikia watu wakipanga operesheni hizi kama ngazi, wa faloplasti akiwa "amefika" na wa kifua pekee akiwa "bado". Mwanamume aliyetulia baada ya kifua hajabakisha kitu.

Dillon alikuwa ameyaandika mawazo yake mapema. Mwaka 1946, operesheni za Gillies zikiwa ndiyo zinaanza, alichapisha kitabu kidogo kilichojenga hoja kwamba akili ya mtu wa namna hii haiwezi kugeuzwa ifanane na mwili, basi mwili ndio urekebishwe ufanane na akili. Hakusema kwamba alikuwa akijizungumzia mwenyewe. Kitabu hicho kilimfikia Roberta Cowell, rubani wa zamani wa kivita na dereva wa magari ya mashindano, ambaye safari yake ilikuwa ya upande wa pili, kutoka kuandikwa mvulana kwenda uanamke. Sheria ya Uingereza ilikataza kumhasi mwanamume, na madaktari waliogopa. Dillon, akiwa bado mwanafunzi, akamfanyia mwenyewe operesheni hiyo kwa siri, kinyume cha sheria. Mwaka 1951 Gillies akamjengea Cowell uke. Dillon alimpenda, akataka kumwoa. Cowell akakataa.

Kilichomwangusha Dillon hakikuwa mwilini. Kilikuwa kwenye karatasi, na hii ni sehemu ya kisa ambayo madaktari huisahau. Cheti chake cha kuzaliwa kilibadilishwa mwaka 1944. Alipoomba nafasi Trinity, mwalimu wake wa zamani aliwashawishi watunza kumbukumbu wa Oxford waonyeshe kwamba alisoma Brasenose, chuo cha wanaume, ili historia yake isimfichue. (Nairobi imepitia jambo linalofanana: Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliagiza Baraza la Mitihani la Kenya libadilishe jina kwenye cheti cha sekondari cha Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, ambaye cheti chake kilikuwa kinamkana kila anapoomba kazi.) Ila familia ya Dillon ilikuwa ya ubwanyenye wa Ireland, yenye cheo cha urithi, na kaka yake hakuwa na mtoto wa kukirithi. Vitabu viwili vya nasaba za mabwanyenye vilimwandika tofauti: kimoja kilimtaja Michael kama mrithi, kingine kikaendelea kutaja dada aitwaye Laura. Gazeti la London likaona tofauti hiyo.

Mei 1958 meli yake, City of Bath, ilikuwa imetia nanga Baltimore, Marekani, telegramu ya waandishi ilipomfikia. Alikuwa na umri wa miaka 43. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu operesheni ya kifua, tisa tangu ya mwisho ya Gillies, na katika miaka yote hiyo hakuna baharia wala mgonjwa aliyewahi kumtilia shaka. Aliimaliza safari, kisha akaenda India. Huko akaingia dini ya Buddha, akachukua jina la Lobzang Jivaka, na mwaka 1960 akapokewa kama mtawa mwanafunzi katika monasteri ya Rizong, Ladakh.

Alifariki tarehe 15 Mei 1962 hospitalini katika mji wa Dalhousie, milimani kaskazini mwa India, wiki mbili baada ya kutimiza miaka 47. Alikuwa amekwisha kuandika maisha yake kwa mkono wake. Maandishi hayo yalikaa zaidi ya nusu karne bila kuchapishwa. Yalipotoka kama kitabu mwaka 2016, jaladani yaliwekwa majina mawili, Michael Dillon na Lobzang Jivaka.